Leteni Vilivyotoboka

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imeanza kwa hasira. Asubuhi nimekuta ziwa nyuma ya vyoo vya shule, na juu ya ziwa zinaelea taka zetu zote za tangu Januari: mifuko, chupa za soda, maganda ya mihogo, na pampasi ambazo Mwalimu Maulida amezikana hadharani, ingawa shule nzima mwenye mtoto mchanga ni yeye peke yake. Watoto wangu wa darasa la awali walikuwa ukingoni wanashindana kuzamisha chupa kwa mawe. Khalfani alikuwa ameshaingia hadi magotini.

Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Masika yaliyopita kuhara kuliingia darasani mwangu kukaondoka na Nuria, mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa akikaa mkeka wa mbele na kuniuliza kila asubuhi kama nimeshakunywa chai. Mikono walikuwa hawaoshi, taka zilikuwa zinatupwa popote, inzi wamejaa tele, na mimi nilikuwa nafundisha irabu. Mwaka huu sitaki kwenda kuzika mwanafunzi. Nimesema.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Wamekuja wachache, wakalala mkekani, nikawaacha.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeanza somo la taka. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Silvanus, amekubali kwa sharti kwamba nisimwombe chochote. Maulida amecheka: "Dada Hajira, hao hata vifungo vya shati hawajui kufunga, leo wakutengee taka?"

Acha acheke. Mimi mtu wa Kibaha, Maili Moja, na kaka yangu ni fundi mashine katika kiwanda kimoja pale Zegereni kinachoyeyusha plastiki kuukuu na kutoa ndoo. Nilipokwenda kumtembelea nilisimama mbele ya ile mashine nikaduwaa kama mshamba. Basi leo nimewaambia watoto kwamba taka haifi, inageuka. Chupa inakwenda Zegereni inarudi ndoo. Ganda la muhogo linaingia shimoni linarudi mbolea.

Khalfani akanyoosha mkono. "Na bibi aliyekufa anarudi nini?"

Nikasema tusimame tuimbe.

Ijumaa, 11 Aprili

Niliwaambia kila mmoja alete kitu kimoja kilichotupwa nyumbani. Mmoja kaleta kiatu cha baba yake, cha kushoto, kizima kabisa. Baba mwenyewe akaja kukifuata kwa kuchechemea, mguu mmoja peku, akiwa amenuna. Mwingine kaleta kuku aliyekufa. Khalfani kaleta mwiko wa ugali, akidai bibi yake hautaki tena. Bibi yake, Bi Kidawa, ni mwenyekiti wa kamati ya shule, na nina hakika leo amesonga ugali kwa mkono wa mchi.

Kwandu hakuleta kitu. Huyu ni binti wa Shigela, mfugaji mmoja wa Kisukuma anayekaa ng'ambo ya bonde. Ana miaka sita na tangu Januari sijamsikia sauti. Kiswahili chake ni kidogo. Tena niandike ukweli, maana hapa hanioni mtu: sijahangaika naye sana. Watoto wa wafugaji wanakuja na kuondoka na mifugo yao. Alfajiri wanamsaidia baba kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, wanaingia darasani wananuka dawa ile, na mimi huwaweka dirishani.

Leo nilipomwaga taka zote katikati na kusema tutenge zinazooza na zisizooza, wenzake waligombania kiatu. Kwandu alikuja polepole, akachuchumaa, akazitenga zote bila kukosea hata moja. Kuku akamweka peke yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Huyu anazikwa." Ndilo neno la kwanza nililolisikia kwake.

Jumatano, 16 Aprili

Kwandu amehamia mkeka wa mbele. Sikumwambia, kahama mwenyewe. Nikamwacha.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu jana. Shimo la maganda limejaa maji, mbolea yangu imekuwa supu. Maulida ameniuliza kama nitaigawa kwa vikombe.

Hata hivyo leo nimefurahi. Wanajua sasa: chombo hakipokelewi shuleni mpaka kioshwe kwa majivu na mchanga, na lebo yote ibanduliwe, kiwe cheupe. Nimewaambia chombo chenye lebo ni kama mtoto mwenye makamasi. Basi wanasugua! Nyumbani akina mama wanalalamika kwamba majivu yamekwisha jikoni.

Jumanne, 22 Aprili

Baada ya Pasaka tumeanza vibuyu chirizi. Ninaandika kwa ajili yangu mwenyewe ili nisisahau nilivyowaeleza: kidumu kinatobolewa ubavuni, kinaning'inizwa kwenye mti kwa kamba, chini kuna kijiti, ukikanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanachirizika unanawa. Mkono haugusi kitu. Nimewaahidi kila mtoto atakuwa na chake, chenye jina lake, kando ya vyoo. Nimewaza kama Nuria angekuwa na chake.

Jumatano, 23 Aprili

Balaa. Asubuhi mapema Bi Kidawa amefika na kanga mbili kiunoni, amemshika Khalfani sikio.

"Mwalimu, hiki kidumu changu cha mafuta ya nazi. Mafuta yamemwagwa kwenye sufuria wazi, panya wamekunywa. Ndiyo elimu hiyo?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiyo elimu hiyo?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama akina mama wengine, kila mmoja na kidumu chake: cha maji, cha mafuta ya taa, cha tui. Watoto wangu walikuwa wamepora kijiji kizima kwa ajili yangu. Nikawaomba radhi mmoja mmoja. Mwalimu Silvanus akatoka ofisini kuangalia, akarudi ndani haraka.

Mchana nikawakalisha watoto. Nikasema: vidumu vizima mwachieni mama. Sitaki kizima hata kimoja. Leteni vilivyotoboka. Kilichotoboka ndicho cha mwalimu. Nikawaimbisha, wakaimba wakiruka.

Nimejiona nina akili sana.

Ijumaa, 25 Aprili

Vimeletwa vinne tu. Kumbe watu wa huku hawaachi dumu likitoboka, wanaliziba kwa sabuni na maisha yanaendelea.

Kizuri kuliko vyote ni cha Kwandu. Kidogo, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, hakina alama yoyote, na tundu liko palepale ninapopataka, ubavuni chini ya shingo, la duara, safi, kama lililotobolewa na fundi. Nimekinyanyua darasani nikasema, "Tazameni! Mwenzenu kaleta kibuyu chirizi ambacho kimekwisha tengenezwa." Wakampigia makofi. Akaficha uso kwenye magoti.

Kilikuwa na harufu kidogo. Nilinusa, nikaitambua: harufu ileile ya watoto wa kwa akina Shigela asubuhi. Nikajikaripia, Hajira, acha hizo, mtoto kahangaika na majivu siku nzima wewe bado unamnusa. Nikakisuuza mara moja na maji ya mvua, nikakitundika cha kwanza.

Jumatatu, 28 Aprili

Nisipoandika sitalala.

Asubuhi tulijaza vidumu maji, tukapanga mstari. Khalfani akawa nyuma ya Kwandu. Akapiga kelele, "Mimi sinawi hapo! Dumu lenu linanuka! Wafugaji wananuka!" Wenzake wakacheka. Nikamvuta pembeni nikamkaripia kama sijawahi. Nikamwambia hapa hakuna anayenuka, mwenzako amekiosha kuliko unavyojiosha wewe, mwombe radhi. Nilikuwa na hasira ya haki, ile hasira tamu.

Nilipogeuka, Kwandu alikuwa amekikumbatia kidumu chake, amekiinamisha, ameweka mdomo kwenye tundu. Alikunywa akiwa anamwangalia Khalfani. Kisha akafuta mdomo, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Nimeliosha."

Nikasema si ya kunywa hayo, Kwandu, haya twende darasani. Sikuwaza kitu kingine. Niliona fahari.

Tulikuwa kwenye kuhesabu vijiti alipoanza kudondosha mate. Nikadhani anacheza. Kisha akatapika, akalowa jasho ilhali kulikuwa na baridi, na mikono ikaanza kuruka yenyewe. Nikamfunua macho: mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Harufu ikatoka kinywani mwake, kali, na hapo ndipo akili yangu ikafika ilikotakiwa kufika Ijumaa.

Nilimbeba. Nilikimbia kwenye matope hadi zahanati, kanga imeachwa njiani. Didas, tabibu wetu, alimwangalia mara moja akauliza, "Amekunywa dawa ya mifugo?" Akamvua nguo, akamwosha, akamlaza ubavu, akamtundikia maji. Akasema, "Dawa inayomfaa iko hospitali ya wilaya. Aende sasa hivi." Akamwita kijana wa bodaboda, tukapanda, mimi nyuma, mtoto katikati.

Tulifika bondeni tukakuta kalavati halionekani. Maji mekundu yanakwenda kwa kishindo, matawi yanapita. Kijana akazima pikipiki. Akasema, "Mwalimu, hapa hapapitiki." Nikamwambia jaribu. Akaniambia, "Nitawaua wote."

Basi tukasimama. Sijui kuogelea. Nilimshika mtoto kifuani, nilimsikia akikoroma kwa mate, nilimfuta, nikamfuta tena, mbele yangu maji na nyuma yangu zahanati isiyo na dawa. Nikamwita Mungu, nikamwita mama yangu aliyekufa. Hakuna kitu nilichofundishwa chuoni wala nilichowafundisha watoto kilichonifaa pale.

Shigela alikuja akikimbia na vijana wake wawili. Wenzake Kwandu ndio waliomfuata machungani, upande huu wa bonde. Hakunisalimu. Alimchukua mtoto, akaweka pua kwenye mdomo wake, akafumba macho. Alijua kabla sijafungua kinywa. Akamweka Kwandu juu ya mabega, vijana wakamshika huku na huku, wakaingia. Maji yakamfika kifuani. Katikati aliteleza, wakapotea wote hadi kichwani, mimi nikapiga yowe, wakaibuka. Walipofika ng'ambo hakugeuka. Nilimwona anakimbia kuelekea barabara ya Masaki, ile iendayo wilayani, na miguu ya mtoto inaning'inia mgongoni.

Nimebaki ukingoni mpaka kijana wa bodaboda akaniambia nipande turudi.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuna habari. Simu ya Shigela haipatikani. Nimeteremsha vidumu vyote.

Jumatano, 30 Aprili

Yu hai. Didas amepigiwa simu na mwenzake wa wilayani. Wamempa dawa, amelala, mama yake, Selina, yuko naye.

Jioni Shigela amekuja shuleni akiwa na nguo zilezile za Jumatatu. Nilikuwa peke yangu darasani. Alikwenda moja kwa moja pembeni nilikorundika vidumu, akachambua, akachukua kimoja. Hakuhitaji kuuliza.

"Hili langu," akasema.

"Ndiyo, baba Kwandu."

Akaweka kidole kwenye tundu. "Mimi natoboa hapa. Kwa msumari wa moto. Kila dumu la dawa likiisha. Natoboa tangu nikiwa Shinyanga, baba yangu alitoboa hivi. Mgeni akipita na kiu, akiona tundu, anajua hili si la maji. Natundika juu ya boma kwa sababu chini ndama wanalamba. Mvua ikiisha nazika." Akaligeuza. "Nani amelisugua?"

"Kwandu."

"Nani kamwambia alisugue?"

"Mimi."

"Na tundu? Hukuliona tundu, mwalimu?"

Nikamwambia, "Nililiona. Ndilo nililolitaka. Niliwaambia walete vilivyotoboka."

Aliniangalia. Sikuona hasira, ningeipokea. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni. Kisha akapiga dumu kwenye mshikio, mahali palipo wazi kwa ndani, akaliinamisha juu ya sakafu. Likatoka tone jeupe, zito kama maziwa.

"Hapa majivu hayafiki," akasema. Akaondoka nalo.

Ijumaa, 2 Mei

Mkutano wa wazazi. Nilidhani nitasulubiwa. Nilijiandaa, hata asubuhi sikula.

Bi Kidawa alisimama wa kwanza. "Hawa wafugaji walianza kwa kulisha ng'ombe mihogo yetu. Tukanyamaza. Leo wanaleta sumu kwenye maji ya watoto wetu. Mjukuu wangu alikuwa kwenye mstari! Angekuwa ameshazikwa!" Ukumbi ukachemka. Mmoja akasema watoto wa wafugaji wajengewe shule yao huko porini. Mwingine akasema apelekwe polisi baba mtu.

Shigela alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, kofia mkononi.

Nikasimama. Mwalimu Silvanus akanivuta gauni, nikamtoa mkono. Nikasema, "Dumu lile nililiomba mimi. Mwenzenu alilitoboa ili lisitumike. Mimi nilisema nataka yaliyotoboka. Nililinusa, nikalitundika. Mtoto hana kosa, baba yake hana kosa."

Bi Kidawa akashika kifua. "Mnaona? Mwalimu wetu ana huruma huyu. Anabeba mzigo wa watu wengine." Wakanipigia makofi. Nikasema hapana, nisikilizeni, nikapaza sauti, na kadiri nilivyozidi kujishtaki ndivyo walivyozidi kunipenda. Wakasema nimechoka, nikapumzike. Nilipoangalia mlangoni, Shigela hakuwepo.

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu Silvanus kaniita ofisini. Si mtu mbaya. Amesema kwa upole, "Mwalimu Hajira, wazazi wametulia. Ukiendelea kuchokonoa, mradi utakufa, na wilayani wameshaahidi kuja kuutazama. Tumwombee mtoto." Nikamwambia mradi umeshakufa. Akasema, "Umechoka," kama wale wa kwenye mkutano.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Khalfani haongei tena. Mtoto aliyekuwa ananiuliza habari za maiti anakaa kwenye kona anachuna mkeka. Leo kaniambia, "Mwalimu, mimi ndiye nilisema linanuka." Nikamwambia ulisema kweli, mwanangu, mimi ndiye niliyekosea kukukaripia. Hakuniamini. Nimemfundisha vizuri mno kwamba alikosea.

Ijumaa, 9 Mei

Kwandu karudi nyumbani! Didas kamwona kwa macho yake akitembea kutoka barabarani, amekonda, kashikwa mkono na mama yake. Nililia mbele ya darasa zima, watoto nao wakalia bila kujua sababu, kisha tukaimba. Maulida ameniletea chapati. Tumekula zote tukicheka mambo ya kijinga.

Jumanne, 13 Mei

Maji yamepungua, nimevuka bonde kwenda kwa akina Shigela. Mwenyewe alikuwa machungani. Kwandu alikuwa amekaa juu ya gogo, akaniamkia kwa sauti ndogo. Nikamuuliza anasikiaje, akasema miguu inawasha ndani kama sisimizi. Nikasema ni udhaifu, kula sana.

Selina akanimiminia maziwa kwenye kikombe cha bati. Nilikishika, nikasita. Sikukusudia. Macho yangu tu yalikwenda kwenye dumu alilomiminia. Aliona. Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa yeye mafunda mawili, akanirudishia. Nikanywa yote. Sijawahi kuona aibu kama ile, tena kwa mwanamke ambaye miezi mitatu nilikuwa namwekea mwanawe dirishani.

Jumatatu, 19 Mei

Kwandu kaanguka akielekea zizini. Kainuliwa, kaanguka tena. Nyayo zinaburuta.

Alhamisi, 22 Mei

Wamempeleka wilayani, nami nimewasindikiza. Daktari kijana, mstaarabu, kampiga magoti kwa kinyundo, kamkuna nyayo. Ametueleza kwamba baadhi ya dawa hizi za mifugo zina tabia hiyo: mtu anapona, watu wanashukuru, halafu baada ya majuma zinarudi kwenye mishipa ya miguu. Shigela akauliza dawa yake. Daktari akasema mazoezi na kusubiri. Akauliza kusubiri mpaka lini. Daktari akasema wengine miguu inarudi, wengine inarudi nusu, na wengine hairudi.

Njiani Shigela alimbeba Kwandu mgongoni, mimi nikabeba kandambili zake hadi bondeni.

Ijumaa, 23 Mei

Kuhara kumerudi. Watoto wawili hawajaja, Didas amethibitisha. Bila shaka. Vibuyu nimeviteremsha mimi, na hakuna kilichochukua nafasi yake ila ndoo moja ya bomba ambayo Mwalimu Silvanus ameifungia ofisini isiibwe kabla wageni hawajaja. Nikitundika vidumu siwezi kulala, nisipotundika wanaugua. Nimekwenda kwa Silvanus nikaigombea ndoo. Nimeipata, na nimesimama kandokando yake siku nzima nikimnawisha kila mtoto kwa mikono yangu mwenyewe. Darasa halikufundishwa na mtu.

Jumatatu, 26 Mei

Mtoto mmoja ameniletea kidumu kilichotoboka. Kimesuguliwa vizuri, cheupe. Kakishika kwa mikono miwili, anasubiri nimsifu. Nilikichukua nikakificha nyuma ya mlango. Nimewaeleza tena na tena kwamba basi, tumeacha, msilete. Wananisikiliza kwa adabu kisha wanaleta. Somo lile waliimba, hili la kuacha sijalipatia wimbo.

Jumatano, 28 Mei

Wageni wa wilayani wamekuja. Asubuhi nikakuta vidumu vipya vimetundikwa mstari mzima, vya duka, vya rangi moja, vimetobolewa jana na mafundi wa Silvanus. Watoto wakaimbishwa. Mgeni mmoja akanishika mkono, akasema walimu kama mimi ni hazina, akaniuliza wazo nililitoa wapi. Nikasema Zegereni. Sikuongeza neno. Niliwahi kusema kweli mbele ya watu wazima, nikaona inavyopokelewa.

Walipoondoka, vidumu vikateremshwa vikawekwa stoo.

Ijumaa, 30 Mei

Wale watoto wawili wamepona. Nimeshukuru, lakini kwa sauti ndogo. Sasa naogopa kushukuru.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imekatika. Jua limetoka kali, kila kitu kinatoa mvuke. Ijumaa tunafunga shule.

Tulikuwa tunapanga mikeka nilipomwona Shigela anapandisha kutoka bondeni, Kwandu mgongoni kwa kanga ya mama yake, amevaa sare. Nikatoka kumpokea nje ili watoto wasisikie atakachoniambia. Nilikuwa nimekisubiri tangu Aprili.

"Habari za asubuhi, mwalimu."

"Njema, baba Kwandu. Mnaendeleaje?"

"Hivi unavyotuona." Akaisogeza kanga, mtoto akakaa sawa. "Huyu analia kila siku anataka shule. Mama yake amesema nimlete."

Nikaanza kusema. Sijui hata nilianza na nini, kwamba nitamfuata mimi mwenyewe asubuhi, kwamba kama kuna lolote, kwamba usiku silali. Akainua mkono, nikanyamaza.

"Mwalimu, mimi sijakusamehe. Usije ukadhani. Nikikuona moyo wangu unakwenda vibaya." Alisema taratibu, kama anayetafuta kila neno na kuliweka chini. "Niliwaza kumpeleka pengine. Masaki ni mbali, nani atambeba kila siku? Na kwa miguu hii kuchunga hawezi, maji kuchota hawezi. Kilichobaki kwake ni kusoma. Na huku shule ni moja, na darasa lake mwalimu ni wewe."

Akanigeuzia mgongo, akachuchumaa pale vumbini, akasubiri nimtoe mtoto.

Niliifungua kanga. Kwandu akanizungushia mikono shingoni, miguu yake ikalegea kiunoni mwangu haishiki kitu. Shigela akasimama, akakunja kanga, akaondoka bila kuangalia nyuma, anatembea haraka kama anayeogopa kubadili nia.

Kwandu akasogeza uso, akaniamkia kwa adabu zote alizofundishwa kwao:

"Shikamoo, mwalimu."

Neno la kumwitikia ni moja tu. Nimewaitikia nalo watoto kila asubuhi tangu nianze kazi hii, hata nikiwa nimeshika chaki mdomoni. Leo nimesimama pale mlangoni, mtoto mikononi, ananitazama, anasubiri, na halikutoka.